Maswali ya wasomaji: henza, kliti na mlingoti

Mwera, ule upepo wa kusini mashariki, umeshaanza kupiga na barua za watu wa ziwani zimeongezeka, nimechukua nne ambazo zote zinaongelea henza, yaani ile kamba ya kutwekea tanga, na mahali inapofungiwa. Kwa ambao hamjazoea, kliti ni kile kidude chenye pembe mbili unachokiona kwenye mlingoti, unazungushia kamba pale inakaa. Wengine wanatumia msumari, wengine kipande cha mti, wote humu mtapata jibu.

Shikamoo mzee. Mi ni mwalimu niko Matema, huku Ziwa Nyasa, mwaka jana nilinunua boti ndogo ya tanga ya faiba kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, ina urefu wa mita nne na nusu hivi na mlingoti wake ni bomba la alumini. Juzi Jumamosi narudi toka Ikombe upepo ukakaza, ile kliti ya plastiki ikakatika pembe, tanga lote likashuka majini, nikapiga kasia mpaka nyumbani. Kuna jamaa ananishauri ninunue ile ya kisasa yenye meno mawili yanayobana kamba, unavuta tu inashika yenyewe. Nichukue hiyo? Saizi gani? Na naifungaje, maana naogopa kutoboa mlingoti ovyo ovyo. (Mwalimu, Matema)

Marahaba mwalimu, na pole sana, nashukuru Mungu umefika salama. Kabla hatujafika kwenye saizi na matobo nikuambie mi naangalia nini kwanza kwenye kliti ya henza: inavyoachia. Kushika karibu zote zinashika. Ila upepo ukikuvamia ghafla, mikono imelowa, abiria wameegemea upande mmoja wanapiga kelele, je unaweza kuifungua kwa mkono mmoja bila hata kuitazama, tanga likatua? Kama huwezi, iache hata ukipewa bure.

Nasema hivi maana nimekulia huko huko. Nikiwa na miaka kama kumi na nne nilikuwa namsaidia mjomba kubeba vyungu vya Wakisi toka Ikombe kuleta sokoni Matema, mashua yake ilikuwa na tanga la turubai na henza alikuwa anaifunga kwenye msumari wa inchi sita aliougongelea kwenye mlingoti akaukunja. Siku moja tumeshatoka, vyungu vimepangwa katikati na majani makavu, upepo ukashuka toka milima ya Livingstone, sio ule wa ziwani tuliouzoea unaouona kwa mbali maji yakibadilika rangi, huu unakuja toka ubavuni na ukiusikia umeshafika. Mjomba akasema tua tanga. Nikakamata kamba pale msumarini, ilikuwa kamba ya katani, imelowa imevimba, mzunguko wa juu umeukalia wa chini, nikavuta mpaka ukucha ukang'oka na kamba haikutoka, mashua imelala maji yanaingia. Mjomba akaruka na panga akaikata. Tanga likaanguka, mashua ikarudi kusimama, vyungu karibu nusu vimepasuka na maji yametufika kwenye magoti. Hatukuongea neno mpaka ufukweni. Mpaka leo nikiona kamba imekaliwa na kamba mwenzie pale kwenye kliti huwa nasimama naifungua, hata kama boti sio yangu.

Sasa hiyo ya meno. Ni kitu kizuri mwalimu, sikatai, lakini kizuri kwenye demani, kamba ya kuongozea tanga ambayo unaivuta na kuiachia kila dakika. Henza kazi yake ni tofauti, ukishatweka inakaa pale pale masaa, meno yanang'ata sehemu moja ile ile siku nzima na ukiikagua baada ya miezi miwili utakuta ganda la kamba limechanika nyuzi zimetoka kama ndevu. Alafu tanga likipigapiga kamba inatikisika, na ile kliti ya meno inaachia kwa kuinuliwa kamba kidogo tu, kwaiyo mtu akiigusa kwa kiwiko imetoka. Na kuna mchanga wa Matema. Yale meno yana springi ndani, mchanga ukiingia meno hayarudi vizuri, linabana moja lingine limelegea. Kuna nyingine haina kitu kinachozunguka, ni mfereji tu wenye mikwaruzo ndani unaobana kamba kadiri inavyovutwa, hiyo ni imara zaidi lakini kamba ikishakaza sana kuitoa ni kazi, na hapo ndo tunarudi kwenye msumari wa mjomba.

Chukua ya pembe mbili. Ya kizamani, haina cha kuharibika.

Saizi yake inatokana na kamba, sio na boti. Chukua unene wa kamba zidisha mara 16 unapata urefu wa kliti toka ncha ya pembe hadi ncha ya pembe. Kamba ya milimita 6 inataka kliti ya sentimita 10 hivi, ya milimita 8 inataka 13, ya milimita 10 inataka 16. Kwa boti yako kamba ya 6 inatosha kwa nguvu ila inakata mikono, mi ningeweka 8 na kliti ya sentimita 13. Ukipunguza kliti kamba haipati nafasi chini ya pembe, mzunguko wa pili unapanda juu ya wa kwanza na umeshajua kinachofuata. Ukizidisha kidogo hakuna ubaya wowote.

Plastiki usirudie. Jua la pale ziwani linaikausha mpaka inakuwa kama biskuti, na haikuonyeshi kabla. Tena kumbuka upepo kasi yake ikiongezeka mara mbili nguvu yake kwenye tanga inakuwa mara nne, ndo maana kitu kilichoshika vizuri asubuhi kinakatika saa tisa mchana na wewe unashangaa. Tafuta ya alumini, itapatana na mlingoti wako. Ya stenlesi pia sawa ila ukiweka stenlesi juu ya alumini na maji yakawepo katikati, alumini inaliwa taratibu, utaona unga mweupe unatoka pembeni. Maji yetu ni baridi sio ya chumvi kwaiyo inaenda polepole kuliko baharini lakini inaenda. Dawa yake ni kuzitenganisha, kata kipande cha plastiki kwenye dumu kuukuu kwa umbo la kitako cha kliti, kiweke chini yake, alafu skrubu zipakwe silikoni kabla ya kuingia.

Mahali pa kuifunga usipime ukiwa nchi kavu na boti iko kwenye mchanga imelala. Iweke majini, kaa pale unapokaaga, nyoosha mkono kwenye mlingoti. Boti ya mita nne na nusu sio ya kusimama simama, kwaiyo kliti iwe mahali unafikia ukiwa umekaa au umepiga goti, chini kidogo ya kifua, na isiwe pale mti wa chini wa tanga unapopita ukigeuka. Weka alama kwa penseli. Alafu tweka tanga kweli kweli, shika henza ibane kwenye mlingoti pale ulipoweka alama, uone inashukia upande gani.

Hapa ndo watu wengi wanakosea, na hata ile ya mgeni nina wasiwasi ilikosewa. Kliti haitakiwi isimame wima sawasawa na kamba. Inatakiwa iinamishwe kidogo, digrii 10 mpaka 15, chukulia mkono mrefu wa saa uliopita namba 12 kwa dakika mbili. Inainama kwenda wapi? Pembe ya juu iikwepe kamba, pembe ya chini iifuate kamba. Henza inashuka toka juu, inapita pembeni ya kliti bila kugusa pembe ya juu, inaenda kuzunguka chini kwanza. Ukiiweka wima kamba inajipenyeza chini ya pembe ya juu njiani, ukija kuzungusha inajibana yenyewe na hapo hata kliti ya gharama inakuwa msumari.

Kutoboa sasa. Ondoa hofu lakini usiwe na haraka. Pima kwanza unene wa ukuta wa bomba, kwenye tundu za kliti iliyokatika utauona. Ukiwa milimita 2 au zaidi unaweza kukata hesi, yaani ile mifereji ya skrubu, humo humo kwenye alumini: skrubu ya M5 (unene wa milimita 5) toboa kwa drili ya milimita 4.2, ya M6 toboa kwa 5, pitisha tepu ya hesi, kile chuma cha kukatia hesi, taratibu na mafuta kidogo, nusu mzunguko mbele robo nyuma. Ukuta ukiwa mwembamba kuliko hapo hesi hazitapata pa kushika, tumia riveti, na riveti iwe ngumu, zile laini za alumini za kufungia mabati usiweke kwenye henza. Skrubu za mbao pia usiweke. Na usipitishe bolti toka upande huu mpaka wa pili ukakaza na nati, bomba linabonyea na mlingoti uliobonyea ndo unakunjikia hapo hapo, labda uweke kipande cha bomba dogo ndani cha kuzuia. Ncha za skrubu zisizidi ndani, kama kuna kamba inapita ndani ya mlingoti zitaikwangua. Na matobo ya zamani, kama hutumii, yazibe, alafu mapya usiyapange kwenye mstari mmoja wa kuzunguka mlingoti pamoja na matobo mengine, yapishe juu au chini kwa upana wa viganja viwili, maana mlingoti ukitobolewa duara lote usawa mmoja umeuandalia mahali pa kuvunjikia.

Kufunga kamba yenyewe ni hivi: mzunguko mmoja kamili kwenye kitako ukianzia chini, alafu pitisha kamba pembe hadi pembe kwa umbo la namba nane, mara mbili au tatu, basi. Kile kitanzi cha kugeuza cha kufungia weka kimoja tu tena mwisho kabisa, kilale njia moja na zile namba nane nyingine. Ukianza na kitanzi ukafuatisha vingine vitatu, umefunga mbuzi. Kamba inayobaki ikunje uining'inize, isikae miguuni.

Ukimaliza fanya jaribio hili ukiwa karibu na ufukwe siku ya upepo wa kawaida: tweka, funga, funika macho, mwagia mikono maji, tua tanga. Fanya mara kumi. Ikikushinda mara moja rudi kwenye ile digrii 10. Na nunua jaketi la kuokolea kama huna, na kisu kifungwe kwenye mlingoti kwa kamba yake.

Kamwene mzee. Mimi niko Iringa ila navua bwawa la Mtera. Mtumbwi wangu nimeuwekea tanga, mlingoti ni mti wa mkaratusi unene kama sentimita 7. Henza naifunga kwenye kipande cha mti nilichokizungushia kamba kwenye mlingoti, lakini kinateleza. Nimekiwekea kigingi chini lakini bado kinahama. Fundi ananiambia nitoboe mlingoti nipitishe bolti ya inchi nusu yaishe. (Mvuvi, Iringa)

Kamwene kaka. Mwambie fundi asante lakini hapana. Mti wa sentimita 7 ukitobolewa tundu la zaidi ya sentimita moja katikati umeshapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake pale, maji yataingia kwenye tundu, na mkaratusi unavyopenda kupasuka utaona ufa unapanda na kushuka toka kwenye hilo tundu kabla ya masika mengine.

Tatizo lako ni dogo na nimelipenda maana linaonekana kwa macho ukikaa ukalitazama. Kliti ya henza inavutwa kwenda juu. Tanga liko juu kwenye kapi, linataka kushuka, kamba inapita juu ya kapi inarudi kwako, kwaiyo tanga likivuta chini kule, huku kamba inavuta juu. Kigingi chako umekiweka chini, hakizuii kitu. Kihamishie juu ya kliti.

Na kliti yenyewe chonga upya kama unaweza. Tafuta mninga au mvule, nyuzi za mti ziende kwa urefu toka pembe hadi pembe, ukichonga nyuzi zikikatiza pembe inaruka siku ya kwanza. Kitako kichonge kwa ndani kiwe na mbonyeo kinachokumbatia mlingoti, na kwenye kitako kata mifereji miwili ya kupitishia kamba ya kufungia ili isitokeze ikagusana na henza. Funga na kamba nyembamba ngumu isiyovutika, kila mzunguko ukaze kwa kukanyaga mlingoti, mizunguko nane au kumi kila upande. Ukitaka uongeze skrubu mbili fupi sawa, lakini tangulia na tundu dogo kuliko skrubu, na ipake rangi kabla haijaingia. Mkaratusi mbichi unaendelea kukauka na kusinyaa kwaiyo baada ya wiki mbili tatu kamba zitalegea, zikaze tena. Wenzako wanaotumia paini ya Mufindi ni hivyo hivyo ila mti ule ni laini, kwao skrubu peke yake isitegemewe. Na kama kuna anayetumia mwanzi, asitoboe kabisa, afunge tu.

Mzee habari. Kamba yangu inateleza kwenye kliti hata nikizungusha mara nne, ni hizi kamba za kijani za plastiki. Kliti iko sawa, ni ya chuma. Tatizo nini? (Manda, Ludewa)

Kamba. Hizo zinaelea na bei yake ni rafiki lakini ni telezi, na jua linazila, zikikaa zinaanza kutoa vipande vidogo vinavyochoma viganja. Ongeza namba nane moja na kitanzi kimoja mwishoni kwa sasa. Ukipata hela nunua ya polyester iliyosukwa, sio naironi, naironi inavutika, unatweka tanga linakaa vizuri baada ya nusu saa limeshuka unadhani kliti imeachia kumbe kamba imerefuka. Alafu pitisha kidole kwenye kliti yako ya chuma uone kama kuna makali au kutu inayokwaruza, piga msasa.

Shikamoo baba. Nina duka la vifaa Mwanjelwa hapa Mbeya, wateja wa Kyela wananiulizia hizo kliti na mimi sijui niagize zipi. Naogopa kuagiza zikakaa. (Dada wa duka, Mbeya)

Marahaba binti yangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kutoa hela. Usiagize aina nyingi. Mteja akija muulize kamba yake ina unene gani, na akisema hajui mwambie aje na kipande. Anza na za pembe mbili za sentimita 13, zitawafaa wengi wenye kamba ya milimita 8, ongeza chache za sentimita 16. Uliza kama ni alumini au stenlesi, na uende na sumaku mfukoni, ikinata kwa nguvu huenda hicho ni chuma cha kawaida kimepakwa king'aavu, kitashika kutu mapema. Geuza kliti chini uangalie matundu ya skrubu: yawe manne kama inawezekana, ya matundu mawili ni sawa kama kitako ni kipana, na mdomo wa tundu uwe umechimbwa kidogo ili kichwa cha skrubu kizame ndani. Pitisha kidole chini ya pembe zote mbili. Ukikuta ukali wowote, ule mshono wa kalibu ambao hawakuusugua, rudisha, maana kamba itapita hapo hapo kila siku.

Na pembeni yake weka skrubu za M5 na M6 za stenlesi, tepu za hesi za saizi hizo hizo, na drili za 4.2 na 5. Mwalimu wa Matema atakuja kuzitafuta.